Arepa za Hitima ya Kaka Yangu

Jumapili, mwezi wa Novemba. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ile ya kuingia kwenye mifupa. Nimerudi kutoka kwenye hitima, nimevua baibui nikalitupa juu ya kochi, na chai niliyojitengenezea imeshapoa mbele yangu.

Nina hasira. Naandika sasa hivi kabla haijatulia, maana najijua: ikifika kesho nitaanza kuwatafutia watu visingizio.

Leo tumemsomea kaka yangu Athumani hitima ya arobaini, kwenye ukumbi wa kukodi kule Oxon Hill, hapa hapa Maryland. Yasini zimesomwa, dua imeombwa, pilau imeliwa na watu wamefungiwa na ya kwenda nayo nyumbani. Ukimuuliza yeyote aliyekuwepo atakwambia shughuli ilifana. Mimi nimetoka pale nikiwa nimempoteza mtoto wa kaka yangu.

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwa mtoto.

Kaka alioa Mvenezuela. Anaitwa Marisela, Mkatoliki, mzaliwa wa mji wa Valencia, si ile ya Hispania ya kwenye mpira, ile ya kwao. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Rukia, ana miaka saba, jina la mama yetu aliyeko Tanga. Tangu Rukia alipoanza kutembea, Jumamosi ni yangu. Namfuata kwao Riverdale Park asubuhi, nampeleka chuoni akasome Kurani, tukirudi tunapika, na jioni tunampigia bibi yake simu ya video. Bibi anamuuliza kwa Kiswahili, yeye anajibu kwa Kiingereza, na mimi katikati nafanya kazi ya mkalimani bila mshahara.

Kaka alipofariki, ghafla, moyo, nilijua na hilo limekwisha. Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi sikwenda. Niliona haya kumwendea mjane mlangoni kumtaka mtoto. Saa ya chuo ilipokaribia, simu ikaita.

"Wifi, uko wapi? Rukia amevaa tayari."

Hakuna mtu aliyemwomba. Hakuna hakimu aliyeamua. Rukia alikuwa akija kwangu kwa sababu mama yake alitaka aje, basi, na siku akikataa sina pa kushitaki. Mimi sikujaliwa kuzaa. Kaka ndiyo huyo amekwenda. Mama magoti hayampandishi tena ndege. Ukiniuliza nina nini katika nchi hii zaidi ya zamu za kuwaogesha wazee wa watu, nitakwambia nina Jumamosi.

Nilikuwa nayo.

Sasa habari ya arepa, maana zote hizi ni habari za arepa.

Kwa asiyezijua, arepa ni mkate wa mahindi, wa mviringo, mnene kiasi cha kupasuliwa katikati, wenye ngozi ngumu nje na laini ndani. Wavenezuela wanaila asubuhi, mchana na usiku. Wakolombia nao wanayo ya kwao, nyembamba zaidi, na wanabishana na majirani zao ni ya nani hasa, kama sisi na Wakenya tukifika kwenye habari ya nani anajua Kiswahili. Kaka alikutana na mkewe kwenye arepa. Marisela alikuwa akiziuza kwenye soko la mwisho wa wiki pale Riverdale Park, na kaka alipita na lile gari lake la kubebea abiria wa uwanja wa ndege. Akanunua moja, akarudi, akarudi tena. Mama alipoambiwa mwanawe anaoa huko huko Marekani, tena Mzungu wa ajabu ajabu, aliuliza, "Kwani amelishwa nini?" Nikamjibu mahindi, mama, mahindi yale yale.

Unga wake ni mweupe, na ukiutazama utaapa ni sembe. Hapo ndipo nilipoingia mkenge. Rukia alipozaliwa nilichukua likizo nikaenda kumlea mzazi, kama inavyopasa wifi. Siku ya kwanza nikafungua kabati, nikaona unga, nikasema mashaallah, kaka ameniwekea sembe. Nikabandika maji, yakachemka, nikamimina unga nikaanza kusonga. Mwiko ukagoma. Kitu kile kilivuta, kikanata, kikafanya mabonge, ungeweza kubandika nacho matangazo ukutani. Sikujua kwamba unga wa arepa umeshapikwa kiwandani ukakaushwa, ndiyo maana hauhitaji moto wakati wa kukanda. Marisela alitoka chumbani ameshika tumbo, akachungulia sufuria, akacheka mpaka akashika ukuta kwa maumivu. Halafu akachukua sahani, akapakua, akala na mchuzi wangu. Mzazi wa siku mbili alikula ule upuuzi mpaka ukaisha, mgeni wake asije akaaibika.

Baadaye ndiyo akanifundisha. Unaweka maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, unatia chumvi. Unga unaumimina kidogo kidogo kwa mkono mmoja huku mwingine ukizungusha kwa vidole, kuvunja mabonge kabla hayajazaliwa. Unauacha unywe maji, muda wa kupangusa meza tu. Ukirudi umekaza, unaukanda kwa kiganja. Unakata donge, unaliviringisha, unalibonyeza kati ya viganja viwili mpaka liwe duara, na pembeni pakipasuka unapaka kidole maji unapaziba. Mtu aliyekula ugali kwa mkono maisha yake yote hashindwi hapo. Marisela alishangaa jinsi madonge yangu yalivyokuwa sawasawa, nikamwambia haya ni matonge, Wifi, nimefundishwa nikiwa nanyonya.

Kisha chuma. Kwao wana bamba la chuma maalumu, lakini kaka alimpa chuma chetu cha chapati kutoka Tanga na tangu siku ile hakutumia kingine. Arepa unaichoma kila upande mpaka ipate madoa ya kahawia, halafu unaiingiza kwenye oveni iive ndani. Unajua imeiva kwa kuigonga na kidole. Ikilia uwazi, tayari. Unaipasua ubavuni ingali moto, mvuke unakupiga usoni, unapaka siagi, unaijaza. Kuku na parachichi, nyama ya kuchambuliwa nyuzi nyuzi, jibini nyeupe, maharage meusi. Inazungushiwa karatasi, inaliwa kwa mikono, na ukimwomba Mvenezuela uma atakuonea huruma.

Unga, maji, chumvi. Narudia kwa sababu ndiyo kesi yenyewe. Ndani ya arepa za Marisela hamna kitu kingine.

Kaka alizigeuza za kwetu. Alimfundisha mkewe kuunga maharage kwa nazi, na arepa ya nyumba ile ikawa ya maharage ya nazi na jibini juu. Ramadhani alikuwa hataki daku nyingine, alisema inamfikisha magharibi bila kuyumba. Na tukifuturu kwa pamoja pale ukumbini, Athumani alikuwa akiingia na trei begani kama mchuuzi, anapita safu kwa safu, wanaume kwanza halafu anazisogeza mlangoni kwa kinamama. Zilikuwa zinaisha kabla ya sambusa. Watu wakaziita mikate ya Athumani. Yeye ambaye hakuweza kuchemsha yai.

Kinamama hawa hawa wa leo. Bi Zuhura mwenyewe, ambaye ndiye kiongozi wetu wa kinamama, alikuwa akimwita kaka pembeni, "Athumani, zangu mbili umeziweka?" Anazifunga kwenye mkoba, anakwenda nazo nyumbani kwa mumewe.

Nisimseme Bi Zuhura vibaya tu. Kaka alipofariki ni yeye aliyelala kwangu, akanilisha uji kwa kijiko, akapiga simu kwa kila Mtanzania wa Maryland mpaka maiti ikasitirika kwa heshima. Ndiyo maana inauma zaidi. Angekuwa mtu baki ningemtukana nikalala.

Marisela aliniuliza wiki iliyopita alete nini kwenye hitima. Alikuwa amefikiria maji ya kunywa na maua. Mimi ndiye niliyemwambia pika arepa, watu watafurahi, watamkumbuka kaka. Mimi, kwa mdomo wangu.

Jana basi, badala ya Rukia kuja kwangu, mimi nilikwenda kwao, na tukashinda mchana kutwa jikoni. Marisela alikuwa ameondoa habari ya nyama kabisa. Alisema, "Nyama watu watauliza, halal, not halal. Maharage hakuna swali." Nikamsifu kwa akili hiyo. Rukia alipewa kazi ya kubonyeza zile ndogo, za watoto, na kila aliyoimaliza alitia alama ya kidole gumba katikati, eti sahihi yake. Nyumba ilinukia kama kaka yupo chumbani anavaa. Marisela hakulia. Alipanga arepa kwenye trei, akafunika foili, akabana pembe zake vizuri kwa vidole, kila pembe.

Leo tumefika mapema. Marisela alikuwa amevaa gauni refu na mtandio mweupe, amejistiri kuliko wengine niwajuao. Hata hivyo nilisikia mtu akinong'ona kwamba huyu hajakaa eda, anaonekana kazini. Ndiyo, anaonekana kazini. Kazini kwake hawajui eda ni nini, na mtoto anahitaji kula. Nikaingia chumba cha kinamama kusoma.

Nilipomaliza juzuu yangu nikaenda jikoni kuona kama arepa zimepashwa moto, maana ikipoa ngozi yake inakuwa kama ya kiatu. Mezani kulikuwa na pilau, kachumbari, sambusa, kaimati, ndizi mbivu. Arepa hazikuwepo. Trei zetu zilikuwa chini ya meza, zimesukumwa karibu na maboksi ya maji, na foili haijaguswa.

"Hizi mbona chini?" nikauliza.

Mwanakombo, dada mmoja wa Mombasa tunayesaidiana naye kupika, alijibu bila kugeuka. "Da Mwana, hizo tumeziweka side. Mimi nime-work na hao watu, kwa kitchen hapo Route 1. Unga wao wanaupiga na lard. Nimeona kwa macho yangu."

Lard ni mafuta ya nguruwe. Sikatai alichokiona. Alifanya kazi kwa Wasalvador, na tamale zao, mikate ya mahindi ya kupikwa kwa mvuke ndani ya majani, ndivyo zinavyopikwa, ni chakula chao na hawakumficha mtu. Lakini Marisela si Msalvador, na arepa si tamale. Kwa Mwanakombo wote ni hao watu, wanaongea Kihispania, basi unga wao mmoja na mafuta yao mamoja. Na ni yeye huyu huyu aliyenisimulia juzi, karibu alie, kwamba mgonjwa wake alimuuliza kama anaongea Kiafrika. Nyani haoni kundule.

"Nimezikanda mimi mwenyewe jana," nikasema. "Unga, maji, chumvi."

Bi Zuhura akaniwekea mkono begani. "Mwanangu, hakuna aliyesema wewe muongo. Tunajihadhari tu. Leo hitima. Tusimharibie marehemu."

"Marehemu alizila kila siku. Na wewe ulizila."

"Ya nyuma Mungu atatusamehe, hatukujua."

Hatukujua. Hata leo hawajui, ila sasa wameamua kutokujua kwa namna nyingine. Nikainama, nikafunua foili, nikachukua moja nikaila nimesimama mbele yao, ya baridi. Walinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, na mmoja akasema taratibu, "Mfiwa huyo, mwacheni."

Nilifikiri aibu imekomea hapo. Nilifikiri nitazirudisha garini kimya kimya, nimwambie Marisela pilau ilikuwa nyingi mno.

Watu walipoanza kula, Mzee Kondo alikuja mlangoni mwa jikoni. Alikuwa rafiki mkubwa wa kaka, walikuwa wakicheza bao pamoja kwenye simu. Akauliza kwa sauti yake ile isiyojua kunong'ona, "Na ile mikate ya Athumani? Leo ndiyo siku yake."

"Mkewe hajaleta kitu, Mzee," akasema Bi Zuhura. "Karibu pilau."

Marisela alikuwa nyuma ya Mzee kabisa. Alikuwa amekuja na vikombe vichafu, ameviegemeza kifuani.

Hawa watu wanadhani Marisela hasikii Kiswahili kwa sababu anaongea kidogo. Miaka yote ile ya kumsikiliza mumewe akibishana na ndugu wa Tanga kwenye simu ya spika, unadhani hajui "hajaleta kitu"? Alisikia. Nilimwona akisikia. Uso haukubadilika, ila alivitua vile vikombe mezani taratibu mno, kimoja kimoja.

"Ameleta," nikasema kwa nguvu. "Ziko chini ya meza."

Mzee Kondo akanitazama, akamtazama Bi Zuhura, akatazama sakafu. Najua alikuwa anapima. Kisha akasema, "Basi, siku nyingine inshaallah," akaondoka na sahani yake ya pilau. Huyo ndiye rafiki mkubwa.

Akufukuzaye hakwambii toka. Hakuna aliyemwambia Marisela neno baya leo. Walimkumbatia, walimpa pole, walimwita wifi na shemeji na binti yetu. Kisha wakamwambia mtu mlangoni kwamba kwenye arobaini ya mumewe amekuja mikono mitupu.

Nilikwenda kuaga kwa wanaume na kumtafutia Rukia koti lake. Nilichelewa kidogo tu. Niliporudi jikoni walikuwa wanasafisha, na Mwanakombo alikuwa ameshikilia mfuko mweusi wa taka huku mwenzake akiinamisha trei. Sikatai kwamba ukumbi unatakiwa urudishwe safi. Wangeweza kuziacha. Wangeweza kunipa mimi, wangeweza kuwapa Wakongomani waliokuwa wanasubiri ukumbi kwa ibada yao ya jioni na ambao hawana ugomvi na chakula cha mtu. Trei ya mwisho ilikuwa ya zile ndogo.

Rukia alikuwa amesimama pale pale, ameshika kikombe cha juisi, amekuja kukitupa.

Akanigeukia. "Shangazi, why are they throwing away Baba's arepas?"

Nikaanza kumvisha koti lake badala ya kumjibu.

Akasubiri. Kisha akajaribu kunisaidia, maana ana roho nzuri mtoto yule. "Did they fall? Zilianguka chini?"

Mwanakombo akainamisha uso. Alau yeye. Nikamwona Marisela mlangoni na mkoba wake begani, na nikajua ameona mfuko, ameona trei, ameona mwanawe anatafuta sababu ya kututetea.

Hapo nikaharibu, kama kulikuwa bado na cha kuharibika. Nilimwambia Bi Zuhura mbele ya watu, "Alipokuwa hai zilikuwa halali. Mkono ni ule ule na unga ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba mwenye kuzibeba hayupo, hamna tena wa kumwonea haya."

Bi Zuhura hakupandisha sauti. Alisema, "Hasira za msiba nimezipokea, mwanangu." Ndivyo anavyoshinda siku zote, kwa upole. Ningetamani angenijibu kwa matusi.

Njiani tulikwama kwenye foleni ya barabara ya Beltway, vioo vimejaa ukungu. Rukia alilala. Mimi niliongea, huwa naongea nikiwa na hofu, niliongea mpaka nikajichoka: kwamba si wote, kwamba nitazungumza nao, kwamba Mwanakombo alichanganya, kwamba kwetu msiba unawatia watu wazimu. Marisela aliendelea kutazama mbele. Hakuniambia ninyamaze.

Tulipofika kwao alimtoa Rukia garini akiwa bado usingizini, kichwa kimelala begani. Akasimama pale kwenye manyunyu bila mwavuli.

"Wifi," akasema, "leo ataamka, ata-ask tena kwa nini. Mimi sina jibu. Wewe unalo?"

Nilifikiri kweli. Nilitafuta jibu ambalo mtoto wa miaka saba angeweza kulibeba na bado akapenda kwenda chuoni Jumamosi, akakaa kwenye mkeka mmoja na wajukuu wa Bi Zuhura, akaitikia salamu za kinamama wale. Sikulipata.

"Sina," nikasema.

"Basi Jumamosi usije."

"Jumamosi hii tu?"

Alisogeza mtandio akamfunika mtoto kichwa. Alikuwa bado hajauvua, ule mtandio mweupe. "Wewe sina hasira na wewe," akasema. Kisha akaingia ndani, na taa ya barazani ikazimwa.

Simlaumu. Nimejaribu njia nzima ya kurudi kumlaumu, ingenirahisishia, nimeshindwa. Mtoto wangu angekuwa ameona vile ningemficha mbali zaidi. Alimwachia mwanawe aje kwetu bila kulazimishwa na mtu, akakubali mumewe azikwe kwa taratibu zetu, akajifunika kichwa kwa ajili yetu, akapika siku nzima chakula kisichoweza kuulizwa swali, na sisi tukalitafuta swali mpaka tukalipata.

Mama amepiga kutoka Tanga punde tu, huko alfajiri haijaingia, hakupata usingizi. Akauliza hitima imekwendaje. Nikamwambia vizuri, mama, watu walijaa. Akauliza mjukuu wake alivaa nini. Nikamwambia gauni la kijani, kweli alivaa la kijani. Akasema Jumamosi nimwambie bibi yake anataka kumsikia akisoma Alhamdu yote bila kusita. Nikasema inshaallah. Nimeikata simu nikabaki nimeishika mkononi.

Na sasa hivi, ninaandika, umeingia ujumbe wa sauti wa Bi Zuhura. Nimeusikiliza mara mbili kuhakikisha sijasikia vibaya. Sauti ile ile tulivu.

"Mwanangu, pole na kazi, shughuli imependeza. Hapa kinamama tumekaa tumemzungumza yule mtoto. Baba hayupo, mama dini nyingine, asije akapotea akenda upande ule. Tupange mapema namna ya kumweka karibu. Damu nzito kuliko maji."

Nilianza kuandika jibu refu, lenye aya na hoja. Nikafuta. Nikaandika, "Hajapotea, Bi Zuhura. Mmemtupa leo." Nikaitazama ile "mmemtupa" kwa muda. Mimi ndiye niliyemwambia mama yake apike. Mimi ndiye niliyempeleka mtoto mahali pale, nikamwacha asimame mbele ya ule mfuko, na aliponiuliza nikanyamaza kama wao. Nikafuta tena, nikaandika "tumemtupa", nikatuma.

Zimetokea alama mbili za bluu. Ameisoma.

Jumamosi nitaamka alfajiri kama kawaida, hilo nalijua, mwili umeshazoea. Nitaoga, nitavaa, nitachukua funguo za gari. Halafu niende wapi?